Ninachora ramani za nchi zisizokuwapo: je, niache kazi?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi na heshima. Nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu, na leo nimejipa moyo kukuandikia kuhusu jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote kazini kwangu, kwa sababu ninahofia kwamba nitachekwa.

Nina umri wa miaka 29 na ninafanya kazi katika idara ya madai ya kampuni ya bima, ambako nimekaa miaka sita. Kazi si mbaya, na mshahara unaingia kwa wakati. Lakini tangu nikiwa na miaka kumi na miwili ninachora ramani za nchi zisizokuwapo. Nilianza kwenye kurasa za mwisho za madaftari ya shule, kisha nikajiunga na marafiki wanaocheza michezo ya mezani ya uigizaji, ile ambayo kila mchezaji hujivika uhusika na hatima yake huamuliwa kwa kurusha dadu. Mimi ndiye niliyewachorea bara zima ambalo wamekuwa wakilisafiri kwa miaka minne. Ninazijua bandari zake, njia za misafara yake, na lugha zinazosemwa kila upande wa milima. Huchora kwa wino kwanza, kisha nikaiingiza ramani kwenye kompyuta na kuipaka rangi. Nikianza saa mbili usiku, hushtuka imeshafika saa nane.

Miezi mitatu iliyopita niliweka ramani zangu kumi mtandaoni. Siku kumi na moja zilizopita mtu mmoja anayetengeneza mchezo wa mezani aliniandikia kwamba anataka ramani ya kukunjwa, itakayowekwa ndani ya boksi la mchezo wake, akaniuliza bei yangu na muda nitakaouhitaji. Mpaka leo sijamjibu. Kila nikiufungua ujumbe wake ninaandika sentensi mbili, kisha ninazifuta.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nina akiba ya kunitosha miezi saba, na nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, ingawa sijaipeleka. Mama yangu ananiambia nisiache mbachao kwa msala upitao. Rafiki yangu wa karibu anasema nikiendelea kusubiri nitazeekea dawatini. Na mimi mwenyewe nina hofu ambayo hawa wawili hawaijui: baba alipofariki, ramani hizi ndizo zilizonishika mkono, na ninaogopa kwamba siku nitakapoanza kuzichora kwa sababu ya fedha, zitakufa mikononi mwangu. Isitoshe, nusu ya ramani nilizoweka mtandaoni ni za dunia zilizobuniwa na watu wengine katika michezo na hadithi ninazozipenda. Sijui kama nina haki ya kuziuza.

Ninakuambatanishia ramani moja, ya ghuba yenye visiwa saba. Nifanye nini?

Wako,
Mchora Ramani

—

Mpendwa Mchora Ramani,

Kabla ya kukujibu nimeifungua ramani yako ya visiwa saba, nikaikuza mpaka ikajaza kioo chote, na nikakaa nayo jioni nzima. Majina ya vijiji vya pwani umeyaandika yakifuata mkunjo wa ufukwe bila herufi hata moja kugongana na mstari wa maji, na vilima umevitia kivuli upande mmoja tu, kana kwamba jua moja linaiangaza nchi nzima. Hayo hayaji kwa bahati. Mtu huyafikia baada ya kuharibu karatasi nyingi, na mtu aliyekuandikia kutaka ramani bila shaka aliyaona kama nilivyoyaona mimi. Nimeona pia kosa moja, ambalo nitakuambia mwishoni.

Sasa tuje kwenye swali lako. Unaniuliza kama uache kazi au ubaki, ilhali yule aliyekuandikia amekuuliza mambo madogo mawili tu, bei na muda, na yote mawili yamekushinda kuyajibu kwa siku kumi na moja. Sikulaumu kwa hilo. Yamekushinda kwa sababu hujawahi kupima. Anayechora kwa mapenzi hana haja ya kujua kwamba ufukwe ulimchukua saa nne na maandishi saa tisa, kwa kuwa hakuna anayemsubiri, na furaha yenyewe ni kusahau saa. Ukiingia kwenye biashara, hiyo ni hesabu ya kwanza, na asiyekuwa nayo hutaja bei kwa kuona haya, kisha akafanya kazi ya mwezi mzima kwa malipo ya wiki moja. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba, hata kabla ya kufikiria barua ya kuacha kazi, ni uchukue daftari, uchore ramani moja ya ukubwa wa wastani kuanzia penseli hadi rangi ya mwisho, na uandike kila saa imekwenda wapi.

Katika zoezi hilo utagundua kwamba ramani ya kuwekwa ndani ya boksi si ramani uliyozoea kuchora. Itachapishwa, na mchapaji huhitaji picha yenye nukta 300 katika kila inchi kwa ukubwa kamili wa karatasi, tena yenye rangi iliyovuka ukingo wa kukatia kwa takriban milimita 3, ili kisu kikiyumba kidogo usibaki mstari mweupe pembeni. Bahari yako ya samawati inayong'aa kwenye kioo itafifia karatasini, kwa sababu kioo huchanganya mwanga na mtambo wa uchapaji huchanganya wino, na baadhi ya rangi za mwanga hazina wino unaoweza kuzifikia. Mikunjo nayo itapita mahali fulani, na ukiweka jina la mji mkuu juu ya mkunjo, litachubuka baada ya kufunguliwa mara chache. Ninakueleza haya kwa kirefu kwa sababu humo ndimo ilimo kazi yenyewe. Kinachomtofautisha mchoraji hodari na mchoraji anayelipwa mara nyingi si mkono wake. Ni kwamba yule wa pili amekubali kuufikiria mkunjo wa karatasi kwa uzito uleule anaoufikiria mlima.

Kuhusu kuacha kazi, jibu langu ni usiache, kwa sasa. Mama yako amesema kweli, lakini ninaomba unielewe vizuri, kwa maana methali ile hutumiwa mara nyingi kumzuia mtu asiinuke kabisa. Mbachao wako haukuzuii kuutandika msala kando yake na kuujaribu. Michezo ya uigizaji unayoipenda yenyewe ilianza hivyo. Gary Gygax, mmoja wa wabunifu wawili wa mchezo wa uigizaji uitwao Dungeons & Dragons, alikuwa mtu wa bima kama wewe, na alipopoteza kazi hiyo mwaka 1970 alijishikiza kwa kutengeneza viatu nyumbani huku akiandika kanuni za michezo. Mchezo wenyewe ulipotoka mwaka 1974, toleo la kwanza lilikuwa na nakala 1,000 tu. Nao mchezo wa kompyuta uitwao Stardew Valley ulitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ambaye aliandika programu, akachora picha na kutunga muziki peke yake kwa takriban miaka minne na nusu hadi ulipotoka Februari 2016. Katika muda huo alikuwa na kibarua cha kuwaelekeza watazamaji viti vyao katika ukumbi wa maonyesho, na mwenzi wake alisaidia kubeba gharama za nyumba. Linganisha miaka minne na nusu na akiba yako ya miezi saba. Simaanishi kwamba utahitaji muda kama huo. Ninachomaanisha ni kwamba akiba inayokwisha humfanya mtu akubali kazi yoyote kwa bei yoyote, na anayekubali kazi yoyote hana tena nafasi ya kuukuza mkono wake.

Utaniuliza, basi niache lini? Kipimo ninachokiamini ni wateja wanaorudi. Mteja wa kwanza anaweza kuja kwa udadisi, na wa pili kwa kuwa ni rafiki wa yule wa kwanza. Lakini mtu mliyefanya naye kazi mpaka mwisho, akachelewa kukulipa, ukamkumbusha kwa heshima, akalipa, kisha baada ya miezi mitano akarudi na kazi nyingine, huyo amekuthibitishia jambo ambalo sifa za mtandaoni haziwezi kulithibitisha. Wakifika watatu wa namna hiyo, na ukajikuta unakataa kazi nzuri kwa sababu saa za usiku hazikutoshi, hapo niandikie tena tuizungumzie barua yako. Mama yako naye, siku hiyo, mpelekee daftari lenye hesabu, umwonyeshe kilichoingia na kilichotoka mwezi kwa mwezi. Wazazi wengi hawapingi sanaa. Wanachopinga ni giza.

Usiidharau pia miaka yako sita ya madai. Umezoea kusoma mkataba mpaka kifungu cha mwisho, kumwandikia mtu mwenye hasira bila kumkasirisha zaidi, na kuitunza tarehe kama amana. Nimefanya kazi na wachoraji kwa muda mrefu, na ninakuhakikishia kwamba wenye kipaji ni wengi kuliko wanaojibu barua kwa wakati. Mteja aliyewahi kutelekezwa na msanii katikati ya kazi atakukumbatia kwa sababu hiyo tu.

Sasa nije kwenye hofu yako, ambayo nimeisoma mara kadhaa, na ambayo kwangu ina uzito kuliko suala la fedha. Hujaizua kichwani mwako. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti waliowafanyia watoto wadogo wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti cha zawadi wakichora, wengine walipewa cheti hichohicho bila kukitarajia baada ya kuchora, na wengine hawakupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani, wale waliochora kwa ajili ya ahadi walizigusa kwa muda mfupi zaidi, takriban nusu ya muda wa wenzao. Lakini waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu. Wale walikuwa watoto, na cheti si mshahara, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo mzigo usiouweza. Hata hivyo unalingana na niliyoyaona kwa macho yangu. Fedha peke yake haiui mapenzi. Mapenzi huumia mtu anapofika mahali asipokuwa na mchoro hata mmoja usiokuwa na ahadi ya mtu nyuma yake.

Kwa hiyo lile bara ulilowachorea marafiki zako, lililokushika mkono katika msiba, lisiuzwe. Usiliweke hata katika mkusanyo wa kazi unaowaonyesha wateja, wala usikubali mtu akuombe kipande chake. Liwe nyumba yako, nawe ufanye biashara barazani. Ninajua utashawishika, kwa sababu huenda ndiyo kazi yako bora kuliko zote, na ipo siku mtu atakutajia bei kubwa. Mimi niliwahi kuuza kitu cha namna hiyo nikiwa kijana, mfululizo wa michoro ya viumbe niliyoianza utotoni, na niliusaini mkataba bila kuusoma sawasawa. Kampuni iliyoinunua ilikuwa na haki ya kuibandika popote, na ikafanya hivyo, kwenye vikombe na fulana, ikiwa imebadilishwa rangi na kukatwa miguu ili ienee. Hakuna sheria iliyovunjwa, na fedha nililipwa. Lakini viumbe wale sijawachora tena tangu siku ile, na mpaka leo nikijaribu mkono unakuwa mzito.

Hapo tumefika kwenye haki. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi sana duniani zimejiunga nao, hakimiliki ya mchoro huzaliwa pamoja na mchoro wenyewe, bila kusajiliwa popote. Ramani zako ulizozibuni ni zako tangu wino ulipogusa karatasi. Kwa sababu hiyohiyo dunia walizozibuni wengine ni za hao wengine, na ramani inayofuata nchi, majina na wahusika wao haifai kuuzwa bila ruhusa yao, hata kama kila mstari umeuchora wewe. Wapo wenye hakimiliki wanaowaruhusu mashabiki kufanya mambo kadhaa kwa masharti waliyoyatangaza, hivyo yasome masharti hayo moja baada ya jingine. Kwa sasa ziondoe ramani hizo kwenye mkusanyo wako. Si kwa woga wa sheria peke yake, bali pia kwa sababu mteja mwenye dunia yake mpya anataka kuona kama unaweza kuumba, na ramani ya nchi ambayo kila mtu anaijua haimwonyeshi hilo. Mkusanyo wa ramani tano zako mwenyewe una nguvu kuliko kumi zenye mchanganyiko.

Na utakapoafikiana na mteja, yaandike, hata akiwa mpole kiasi gani. Wabunifu wale wawili niliokutajia, Gygax na Dave Arneson, walikuwa watu wa mapenzi mamoja, lakini mwaka 1979 Arneson aliishtaki kampuni iliyouchapisha mchezo ule akidai malipo ya haki zake, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1981. Wewe huhitaji mkataba mrefu. Eleza kwamba unampa ruhusa ya kuichapisha ramani ndani ya mchezo huo na kuutangaza mchezo huo kwayo, kwamba matumizi mengine yoyote yatajadiliwa upya, kwamba mchoro wa asili wa wino unabaki kwako, kwamba nusu ya malipo inatangulia kabla hujaanza, na kwamba bei hiyo inahusisha marekebisho ya mara mbili.

Hilo la marekebisho nalisisitiza, kwa kuwa ndilo litakalokujulisha kama kazi hii ni yako. Mteja atakuomba mlima uusogeze kushoto kwa sababu nembo ya mchezo imeufunika, na mlima ukisogea mto hauna tena chanzo, njia ya msafara imekatika, na mji ulioupa jina zuri umebaki jangwani. Wapo watu ambao hapo hukunja uso, kisha wakaanza kuwaza mto mpya utoke wapi, na kabla ya usiku kwisha wamepata nchi bora kuliko ile ya kwanza. Wapo wengine ambao kila badiliko huwachoma kana kwamba wamevunjiwa nyumba. Hawa wa pili si wachoraji duni, na baadhi yao ndio wenye kazi nzuri mno, lakini wakilazimika kuishi kwa oda watateseka, na heri wabaki na mshahara wao na usiku wao. Mimi sijui wewe ni yupi. Kazi hii moja uliyoletewa itakuambia, na ndiyo sababu ninataka uichukue.

Ukiona oda hazikufai, jua pia kwamba njia si hiyo moja tu. Wako wanaoajiriwa kwa mshahara kubuni mandhari ya michezo ya kompyuta, wako wanaochora ramani za vitabu, na wako waliojifunza mifumo ya taarifa za kijiografia wakawa wanatengeneza ramani za nchi zilizopo kweli, jioni wakarudi kwenye zile zisizokuwapo.

Nimebakiwa na ujumbe wako uliokwama. Uandike leo, usiurembe. Mwambie: "Asante kwa kunifikiria, na samahani kwa kuchelewa kujibu. Ningependa kuifanya kazi hii. Ili nikupe bei na muda wa kuaminika, naomba unieleze ukubwa wa karatasi ikiwa imekunjuliwa, itakunjwa mara ngapi, majina ya mahali yatakuwa mangapi, na tarehe ambayo mchapaji anataka kupokea faili. Nikipata hayo nitakujibu ndani ya siku tatu." Basi. Siku hizo tatu tumia daftari lako la saa, ukadirie, kisha uongeze robo nzima juu ya makadirio, kwa kuwa una ajira ya mchana na utachoka. Ile barua ya kuacha kazi iweke ndani ya droo.

Kuhusu lile kosa: katika kisiwa chako cha tatu, mto unashuka kutoka kilele, halafu unagawanyika katikati ya bonde na kumwaga maji katika bahari mbili, mashariki na magharibi. Mito huungana inaposhuka, haiachani, isipokuwa kwenye delta na mahali pachache mno, kwa sababu maji hufuata njia iliyo chini kuliko zote. Uifanye kuwa mito miwili yenye vyanzo pande mbili za kilele, na lile daraja lako zuri ulihamishie kwenye ule wa mashariki, ulio mpana zaidi. Rekebisha hapo kabla mteja wako hajaiangalia tena ile ramani.

Wako,
Mshauri